Pumzi Yenye Sauti Kooni: Sababu Zake na Matibabu Yake

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya afya, yaliyotungwa kwa ajili ya wazazi wa Shianda, Kaunti ya Kakamega, na wa mahali pengine po pote penye watoto wadogo.

Pumzi ya mtu mwenye afya haisikiki. Mtoto aliyelala vizuri hupumua kimya, hata mama yake huinama karibu naye ili ahakikishe kwamba yu mzima. Kwa sababu hiyo, pumzi ianzapo kutoa sauti kooni, si jambo la kupuuzwa. Sauti hiyo ni habari, nayo yasema kwamba mahali fulani njia ya hewa imekuwa nyembamba.

Shianda iko Mumias Mashariki, katika nchi ya Wawanga, baina ya mji wa Kakamega na mji wa Mumias. Ni nchi ya miwa, mahindi, maharagwe na njugu karanga, tena ni nchi ya mvua nyingi. Mafua na kikohozi havikosekani katika nyumba zenye watoto. Mara nyingi maradhi ya koo huanza hivi: mtoto amekuwa na mafua siku moja au mbili, jioni amekula akacheza, kisha usiku wa manane huamka akikohoa kama mbwa abwekavyo. Kila avutapo pumzi husikika mlio mkali, kama mlango ambao bawaba zake hazikutiwa mafuta. Hapo watu wa nyumbani huamka, na kila mmoja huwa na shauri lake. Mmoja husema ni baridi, apakwe mafuta kifuani. Wa pili husema ni kilimi kimerefuka, asubuhi na atafutwe mtu wa kukikata. Wa tatu husema na apelekwe hospitali sasa hivi.

Maisha ya mtoto huweza kutegemea shauri litakalofuatwa usiku huo. Mazungumzo haya yana neno moja kubwa la kuwaambia wazazi, nalo ni hili: mtoto ambaye ametulia, halii wala hachezi, lakini pumzi yake yasikika kooni kila aivutapo ndani, ni mgonjwa wa hospitali, na haifai kungoja asubuhi.

NJIA YA HEWA ILIVYO

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kujua jinsi hewa ipitavyo. Hewa huingia kwa pua au kinywa, ikashuka kooni. Huko kooni njia hugawanyika mara mbili. Njia moja ni umio, upitishao chakula mpaka tumboni. Njia ya pili ni bomba la pumzi, lipitishalo hewa mpaka mapafuni. Mlangoni mwa bomba hilo pana kongomeo, ambamo mna nyuzi za sauti. Juu ya kongomeo kuna kifuniko kidogo ambacho huinama mtu amezapo, ili chakula kisiingie katika njia ya hewa.

Bomba la mtu mzima ni pana, lakini la mtoto mchanga ni jembamba mno. Mahali pake palipo pembamba kabisa, chini kidogo ya nyuzi za sauti, kipenyo chake huwa kama milimeta 4 tu. Sasa na wazazi wapige hesabu. Ngozi ya ndani ya bomba hilo ikivimba kwa milimeta 1 tu kila upande, kipenyo hubaki milimeta 2, na nafasi ya kupitia hewa hubaki robo ya ilivyokuwa kwanza. Mtu mzima akipata uvimbe kama huo huenda asauke sauti tu, lakini mtoto hupigania pumzi yake. Hii ndiyo sababu maradhi ya koo huwatisha watoto wadogo kuliko watu wazima, na hii ndiyo sababu hali ya mtoto huweza kubadilika katika muda wa saa chache.

SAUTI TATU

Si kila sauti ya pumzi ni ya hatari, wala si kila sauti hutoka mahali pamoja. Mzazi huweza kuzitambua sauti hizo akitulia na kusikiliza. Mtoto na apakatwe na mama yake, nguo ya kifuani ifunguliwe, taa iwe karibu, na watu wanyamaze.

Sauti ya kwanza ni ya pua. Ni mkoromo wa majimaji, ambao hupungua pua ikisafishwa. Sauti hii huja na mafua, wala haina hatari kubwa ikiwa mtoto ananyonya na kulala. Lakini mtoto akoromaye sana kila usiku, na pumzi yake hukatika kidogo usingizini, huenda mafindofindo yake au nyama zilizo nyuma ya pua zimekua mno. Huyo na aonwe na mganga mchana, bila haraka ya usiku.

Sauti ya pili ni ya kifua. Husikika zaidi mtoto atoapo pumzi, nayo ni kama mluzi mwembamba. Mara nyingi sababu yake ni pumu, au maradhi ya vijia vidogo vya mapafu. Dawa yake si sawa na ya koo.

Sauti ya tatu ndiyo ya koo. Husikika hasa mtoto avutapo pumzi ndani. Ni kali, tena mara nyingi sauti yake ya kulia huwa imesauka. Ikiwa husikika alipo tu, hata anyamazapo, basi njia imebanwa sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unaofuatwa na wahudumu wa afya katika nchi nyingi, huhesabu sauti hii katika mtoto aliyetulia kuwa dalili ya ugonjwa mkali, na mtoto huyo hupelekwa hospitali upesi.

Pamoja na kusikiliza, mzazi atazame. Je, nyama za baina ya mbavu na shimo la chini ya shingo huingia ndani kila avutapo pumzi? Je, ulimi na midomo imekuwa ya rangi ya majivu au ya samawati? Je, ameshindwa kunyonya au kunywa? Je, amelegea, au haamki vizuri? Jibu likiwa ndiyo hata kwa swali moja, safari ya hospitali imekwisha amuliwa. Tena na ikumbukwe kwamba sauti ikipungua huku mtoto akizidi kulegea, huko si kupona. Ni dalili kwamba amechoka, naye avuta hewa kidogo mno hata sauti haitoki.

SABABU ZA MLIO WA KOO

Sababu ya kwanza, ambayo ndiyo ionekanayo zaidi kwa watoto wa tangu miezi 6 hadi miaka 3, ni uvimbe wa kongomeo uletwao na virusi vya mafua. Madaktari huuita krupu. Kikohozi chake hubweka, na hali huzidi usiku. Wengi hupata nafuu katika siku mbili au tatu, lakini wachache hubanwa mpaka kufikia hatari ya kufa. Surua nayo huweza kuleta uvimbe kama huo.

Sababu ya pili ni uvimbe wa kile kifuniko kilicho juu ya kongomeo. Huu huletwa na vijidudu vya aina ya bakteria, nao huja kwa ghafula na homa kali. Mtoto hakohoi sana, bali hukaa ameinama mbele, kidevu amekitokeza, kinywa wazi, udenda ukimtoka kwa sababu hawezi kumeza. Mtoto wa namna hii asilazwe chali kwa nguvu, wala mtu asimtie kijiko au kidole kinywani ili amtazame koo, maana njia huweza kuziba mara moja. Aachwe akae kama apendavyo mwenyewe, apelekwe hospitali akiwa amepakatwa.

Sababu ya tatu ni dondakoo. Katika ugonjwa huu utando wa rangi ya kijivu hufanyika kooni, shingo huvimba, na sumu ya vijidudu hivyo huweza kudhuru moyo. Zamani ugonjwa huu uliua watoto wengi sana huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1890 Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walitangaza dawa ya kuvunja sumu yake, na Behring akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1901. Siku hizi chanjo imeupunguza sana, lakini haukwisha duniani. Nigeria ilipata mlipuko mkubwa wa dondakoo mwaka 2023, hasa miongoni mwa watoto ambao hawakuchanjwa vya kutosha.

Sababu ya nne ni kuzaliwa na kongomeo laini. Mlio wake huanza katika majuma ya kwanza ya maisha, mtoto hana homa, nao huzidi alalapo chali, aliapo au anyonyapo. Wengi wa watoto hawa huacha kutoa sauti hiyo wenyewe kabla ya kutimiza miaka 2. Hata hivyo mtoto huyo na aonwe na mganga na apimwe uzito kila mwezi, kwa maana wachache hushindwa kunyonya na kukua, nao huhitaji kupasuliwa.

Sababu ya tano ni kitu kilichokwama, na habari zake zitaelezwa mbele.

Kuna na sababu nyingine zisizo za watoto peke yao. Mtu aliyeumwa na nyuki, au aliyekula kitu ambacho mwili wake haukipatani nacho, huweza kuvimba midomo, ulimi na koo katika muda wa dakika chache. Huyo huhitaji sindano ya adrenalini pajani bila kukawia. Mtu mzima ambaye sauti yake imesauka zaidi ya majuma matatu, hasa mvuta sigara, na akachunguzwe koo, maana saratani ya kongomeo hutibika vizuri ikionwa mapema. Kadhalika mtoto ambaye sauti yake imesauka miezi mingi bila homa huenda ana vinyama kama chunjua juu ya nyuzi za sauti, na vinyama hivyo huondolewa na daktari wa koo.

KILIMI HAKINA HATIA

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki watu husadiki kwamba kikohozi kisichokoma, kutapika, au pumzi yenye sauti huletwa na kilimi, ambacho wengine hukiita kimio, yaani kile kinyama kining'iniacho nyuma ya kinywa. Basi mtoto hushikwa, kinywa hufunguliwa kwa nguvu, na kilimi hukatwa kwa kisu au kwa kipande cha chuma kilichopindwa.

Wazee walioishika desturi hii hawakuifuata kwa ubaya. Waliona mtoto anataabika, wakatazama kinywani, na kitu walichokiona kikitikisika kila akohoapo kilikuwa kilimi. Kongomeo halionekani kwa macho matupu, kwa hiyo hawakuweza kulilaumu. Lakini njia ya hewa ibanwapo na krupu, mahali palipobanwa pako chini sana ya kilimi. Kukikata kilimi hakuongezi nafasi hata kidogo huko chini. Na ikiwa mtoto alipona baada ya kukatwa, ni kwa sababu krupu hupoa yenyewe kwa watoto wengi katika siku chache, naye mkataji hupata sifa asiyostahili.

Madhara yake ni makubwa. Mtoto huweza kutoka damu nyingi, na damu hiyo kuingia katika njia ya hewa iliyokwisha kuwa nyembamba. Kidonda huweza kuingia uchafu, au kuleta pepopunda. Chombo kimoja kikitumiwa kwa watoto wengi huweza kueneza virusi vya ukimwi na maradhi ya ini. Zaidi ya hayo, mtoto anayelia na kupigana huhitaji hewa nyingi zaidi, hali hewa yenyewe ni chache. Na hata asipodhurika, saa zilizopotea haziwezi kurudishwa. Wahenga walisema, "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako," na kwa maradhi ya koo maneno hayo ni ya kweli kabisa.

Wala watu wa Afrika wasidhani kwamba ni wao peke yao waliokosea hivi. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliamka usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba 1799 akiwa na maumivu ya koo na pumzi imebanwa. Alikuwa tajiri, na madaktari watatu waliitwa nyumbani kwake Mount Vernon. Desturi ya madaktari wa siku zile ilikuwa kutoa damu, nao walimtoa damu mara kwa mara siku ile, jumla zaidi ya lita 2. Daktari mmoja aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, Elisha Dick, alishauri damu isitolewe tena, na bomba la pumzi litobolewe mbele ya shingo ili hewa ipite. Shauri lake halikufuatwa, na Washington akafa usiku ule ule, akiwa na umri wa miaka 67. Madaktari wengi wa leo huona kwamba yaelekea aliuawa na uvimbe wa kifuniko cha kongomeo. Wale waliomzunguka walimpenda, tena walikuwa na elimu ya zamani zao, lakini walishughulika na damu na huku ugonjwa ulikuwa kooni. Aendaye kukata kilimi hufanya kosa la namna ile ile, naye ana udhuru mdogo zaidi, kwa kuwa siku hizi dawa ipo.

KITU KIKIKWAMA

Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani. Punje ya mahindi, haragwe, njugu karanga, kipande cha muwa, shanga, kifungo cha nguo au betri ndogo ya redio huweza kuingia katika njia ya hewa. Ikiwa mtoto alikuwa mzima akicheza au akila, kisha ghafula akapaliwa, akakohoa na kutoa mlio, mzazi na afikiri kwanza kwamba kuna kitu kilichoingia.

Akiweza kulia na kukohoa kwa nguvu, aachwe akohoe, huku akipelekwa hospitali. Kikohozi chake mwenyewe kina nguvu kuliko mikono ya watu. Asipoweza kulia, kukohoa wala kuvuta hewa, asaidiwe hapo hapo kwa namna hii:

Mtoto wa chini ya mwaka 1 alazwe kifudifudi juu ya mkono wa mtu, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya lake likishikwa vizuri. Apigwe mara 5 baina ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kitu kisipotoka, ageuzwe chali, kichwa kikiwa bado chini, na kifua chake kibonyezwe mara 5 kwa vidole viwili katikati ya mfupa wa kifua. Mambo haya mawili yarudiwe kwa zamu mpaka kitu kitoke.

Mtoto aliyepita mwaka 1 ainamishwe mbele, apigwe mara 5 baina ya mabega. Kitu kisipotoka, msaidizi asimame au apige magoti nyuma yake, amzungushie mikono, atie ngumi juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, aishike kwa mkono wa pili, avute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Njia hii ya pili ilitangazwa na daktari Henry Heimlich wa Marekani mwaka 1974, nayo imeokoa watu wengi. Mtoto mchanga asifanyiwe hivyo, maana ini lake huweza kuumia.

Mtu asichokore kooni kwa kidole bila kuona kitu chenyewe, maana atakisukuma chini zaidi. Mtoto akizimia, alazwe mahali pagumu, kifua kibonyezwe na apuliziwe pumzi na mtu ajuaye kazi hiyo, huku wengine wakitafuta gari.

Tena mtoto akipata nafuu baada ya kupaliwa, bado na apelekwe akaonwe. Njugu huweza kupita kongomeo ikaketi katika mapafu, mtoto akaonekana mzima, kisha akakohoa majuma mengi na kutibiwa kichomi bila kupona. Mganga aambiwe waziwazi, "Alipaliwa na njugu siku fulani." Neno hilo moja humwonyesha njia, na kitu hicho hutolewa katika hospitali kubwa kwa chombo maalum kipitishwacho kinywani mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa.

Kinga yake ni rahisi. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, bali zisagwe. Asitafune muwa akikimbia, wala asichekeshwe chakula kikiwa kinywani. Wakati wa kupukuchua mahindi na kupepeta maharagwe, watoto watambaao wawekwe mbali na mkeka.

MATIBABU YA HOSPITALI

Wazazi wengine huogopa hospitali kwa sababu hawajui yatakayofanywa. Kwa krupu, dawa kubwa ni deksamethasoni, ambayo hupunguza uvimbe. Kwa kawaida hutolewa mara moja tu, tena kwa kumeza, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto. Nafuu huanza katika muda wa saa chache. Mtoto aliyebanwa sana hupewa pia adrenalini katika mvuke wa mashine, apumue mbele ya uso. Dawa hiyo hufanya kazi upesi, lakini nguvu yake huisha katika muda wa saa 2 hivi, na kwa sababu hiyo mganga hamruhusu mtoto kurudi nyumbani mara aonekanapo amepona. Mzazi asikasirike akiambiwa angoje.

Mtoto aliyepungukiwa hewa hupewa oksijeni. Wenye maradhi ya bakteria hupewa sindano za kuua vijidudu. Wachache ambao njia yao yaelekea kuziba hutiwa mrija mwembamba wa kupitisha pumzi, na mara chache sana bomba hutobolewa mbele ya shingo, kama Elisha Dick alivyotaka mwaka 1799. Tundu hilo huzibwa tena ugonjwa ukiisha.

Nyumbani, mtoto asiinamishwe juu ya sufuria ya maji ya moto. Mvuke huo haukuonekana kuponya krupu, bali watoto wengi wameunguzwa nao. Dawa za kikohozi zinunuliwazo dukani hazifunguzi kongomeo. Dawa za kuua bakteria haziui virusi vya mafua. Wala asinyweshwe kwa nguvu maji ya majani ya miti, maana mtu anayegombea pumzi hupaliwa upesi. Kitu kimsaidiacho zaidi ni kutulizwa. Apakatwe wima na mtu amjuaye, asitishwe, asilizwe, na moshi wa jikoni na wa sigara uwe mbali naye.

CHANJO NA MATAYARISHO

Baadhi ya maradhi yaliyotajwa hapo juu huzuiwa kwa chanjo zitolewazo katika vituo vya afya. Chanjo ya dondakoo hutolewa pamoja na ya kifaduro na pepopunda mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tangu mwaka 2001 Kenya imeongeza katika sindano hiyo kinga ya vijidudu viletavyo uvimbe wa kifuniko cha kongomeo na uti wa mgongo. Chanjo ya surua huja katika miezi 9 na miezi 18. Mtoto aliyekosa sindano moja apelekwe akaimalize, na kadi yake itunzwe kama hati ya shamba itunzwavyo.

Lakini krupu haina chanjo, na kitu kikwamacho hakitoi taarifa. Kwa hiyo kila nyumba yenye mtoto mdogo yapaswa kufanya shauri lake mchana, kabla ya usiku wa mashaka. Mambo manne yatosha. Kwanza, nauli kidogo iwekwe mahali pajulikanapo na mama pia, si baba peke yake. Pili, namba ya simu ya mwendesha bodaboda mwaminifu, au ya jirani mwenye gari, iandikwe ukutani. Tatu, ijulikane ni hospitali gani hupokea wagonjwa usiku. Watu wa Shianda wana hospitali ya St. Mary's upande wa Mumias, na hospitali kuu ya kaunti upande wa Kakamega. Nne, baba, mama na bibi wapatane mapema kwamba mama akiwa peke yake ana ruhusa ya kuondoka na mtoto bila kungoja mtu arudi kutoka safarini.

Kwa habari ya bibi, neno lake lina nguvu sana katika nyumba. Ni yeye aliyelea watoto wengi, na ni yeye aamshwaye kwanza mjukuu akiugua. Bibi asemaye, "Huyu ni wa hospitali, na tumpeleke," huokoa saa nyingi za kubishana. Hakuna awezaye kulisema neno hilo na kusikilizwa upesi kama yeye.

Basi kila mzazi na ayashike haya. Sauti ya koo katika mtoto aliyetulia ni dalili ya hatari. Kilimi kisikatwe. Kidole kisitiwe kooni. Mtoto apakatwe wima, atulizwe, na safari ianze usiku ule ule. Afikaye hospitali mapema huenda akahitaji kunywa dawa mara moja tu, na kesho yake akarudi Shianda akipumua kimya.